Komeo la Ndani

Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: KUPINGA WATOTO KUNIFUNDISHA KAZI

Natumaini hujambo, Mwalimu. Mimi ni yuleyule fundi seremala niliyetengeneza milango yote ya shule yako. Miaka ishirini sasa, na hakuna hata mmoja uliong'oka. Nakuandikia kwa heshima zote, na hasira kidogo.

Wiki iliyopita uliniita nikutane na kamati ya kurekebisha majengo. Nikavaa shati la mikono mirefu. Kumbe kamati yenyewe ni wanafunzi wa darasa la pili, wamekaa sakafuni na kalamu za rangi! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenyekiti ana pengo mbele. Aliniomba nipige magoti niione shule kwa kimo chake. Nikapiga. Magoti yananiuma mpaka leo.

2. Nikiwa huko chini niliona kwamba madirisha yangu hayaonyeshi kitu ila mawingu, na misumari ya madawati imechomoza usawa wa macho. Fundi haitwi kazini ili aone mambo kama hayo.

3. Wanataka ukuta wa nyuma ya stoo ubomolewe, eti ndipo wanafunzi wakubwa wanapowavizia wadogo. Tukibomoa kila mahali mtoto anapoogopa kupita, Mwalimu, hata ofisi yako haitapona.

4. Hili ndilo lililonichoma. Wanataka makomeo ya vyoo yawe ndani, usawa wa kiuno cha mtoto. Mimi niliyaweka nje, tena juu, ili vyoo vifungwe masomo yakiisha visichafuliwe. Mtoto mmoja akasimama akaeleza kwamba wakubwa walimfungia humo mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na tangu siku hiyo hanywi kitu asubuhi. Kamati nzima ikanigeukia. Je, huo ni utaratibu wa kikao?

Kwa hiyo naomba kamati hii ivunjwe, irudi ile ya watu wazima, ambayo kwa miaka ishirini haikuniuliza swali hata moja.

Nisalimie walimu wote, mlinzi, mpishi, na hata huyo mwenyekiti.

Wako aliyedhalilishwa,
Fundi wa Milango

N.B. Mtoto aliyesimama ni mjukuu wangu. Nyumbani tulikuwa tukimgombeza kwa ukaidi wa kukataa chai, na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nimeona aibu. Jumamosi nilihamishia makomeo yote sita ndani, yeye akinipimia kwa kiuno chake. Kamati ikikaa tena, niiteni, nitakuja na magoti yangu. Leo asubuhi amekunywa vikombe viwili.