Kipande Changu cha Mtaro

Jumatatu, 6 Mei
Kikundi chetu cha vijana wa usafi kinachagua mwenyekiti Jumamosi. Ni mimi au Miwani. Miwani ana buti za mpira na sauti ya mwalimu. Mimi nina mawazo. Leo nimependekeza kanuni: taka zikikutwa mtaroni zikaguliwe, mwenyewe ajulikane, aitwe mbele ya kikundi, kisha azoe mtaro mzima. Makofi! Hata Miwani kapiga. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 7 Mei
Kesho mpiga picha anakuja kutupiga tukiwa kazini. Kila mmoja ana kipande chake cha mtaro. Nimekwenda kuangalia changu. Kisafi! Hata mfuko wa nailoni hakuna. Miwani anasema alimaliza chake mapema, akaona anisaidie. Anisaidie! Huyu ananichimba. Mwenyekiti gani anapigwa picha ameegemea reki?

Jumatano, 8 Mei
Dawa imepatikana. Nakaa kwa Shangazi, fundi cherehani. Kila asubuhi hunipa gunia la taka nipeleke jalalani. Leo halikufika. Nimelimwaga kwenye kipande changu, nikatawanya kwa ustadi: chupa, maboksi, vipande vya vitambaa. Pakawa pachafu, panapendeza. Nikasimama na reki, nimenyoosha shati. Mpiga picha akatuma ujumbe kwamba atakuja Jumatatu. Nikataka kuzoa. Mvua ikanikimbiza.

Alhamisi, 9 Mei
Mtaro umeziba. Maji yameingia hadi sebuleni kwa muuza mboga. Miwani amekagua taka kwa kufuata kanuni yangu. Vitambaa vya zambarau vitupu! Mtaa mzima unajua nani anashona sare za zambarau. Shangazi ameitwa Jumamosi. Hajawahi kuitwa popote kwa ubaya. Chakula hakikupita kooni. Nimekula nusu tu, na nyama.

Ijumaa, 10 Mei
Muuza mboga amekuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. Amesema hampi kazi mtu mchafu. Shangazi amekikunja vizuri, akampa, akarudi kwenye cherehani bila kushona kitu. Imeniuma. Nikataka kumwambia ukweli. Nikamfagilia chumba. Akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 11 Mei
Shangazi amekuja na gauni lake la kwendea harusi. Amesema taka ni zake kweli, na kila asubuhi humpa mtoto wa kaka yake azipeleke jalalani. Kisha akanitazama. Wote wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke! Muuza mboga akamwomba radhi palepale, akaahidi kurudisha kitambaa. Mimi hakuna aliyeniomba chochote. Kura zote kwa Miwani. Nilinyoosha mkono kujichagua, nikajifanya najikuna. Kisha nikazoa mtaro mzima, Shangazi kaketi kando na kigoda chake, akinionyesha nilipobakiza.

Jumapili, 12 Mei
Shangazi amenisamehe, ila taka sasa anapeleka mwenyewe. Nimejifunza sana. Kosa langu nimeliona: vitambaa vinajulikana. Sasa Miwani anatafuta makamu, mpiga picha anakuja kesho, na mtaro unang'aa kwa jasho langu mwenyewe! Nimemwomba fundi viatu gunia lake la mabaki, eti nimpelekee jalalani. Amenishukuru mno. Anajisifu kwamba mtaani hapa ni yeye peke yake mwenye ngozi nyekundu namna ile. Vizuri. Nyekundu hutoka vizuri kwenye picha.