Daktari Hajafa Bado

Jumatatu, 3 Septemba 1973. Kisii mjini.

Hatimaye! Mhariri wa jarida la Macho ya Wiki, Nairobi, ameijibu barua yangu ya tano. Anahitaji mtu wa kuandika safu ya sinema kutoka mikoani. Nimpelekee uchambuzi wa filamu mbili, moja ya kuchekesha na moja ya kuhuzunisha. Uchambuzi ukimpendeza, safu ni yangu na ajira ni yangu. Ameongeza sharti kwamba niandike kwa ufupi na kwa lugha ya watu. Sharti la ajabu. Watu wenyewe hawana habari kwamba wana lugha.

Barua imekuja wakati wake. Baba yangu, Mzee Zachariah, alishuka kutoka Gesima juzi akaniuliza shahada yangu inafanya kazi gani. Nikamweleza kwamba shahada haifanyi kazi, bali humwandaa mtu. Akasema hilo la kutofanya kazi amekwisha kuliona mwenyewe. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nisipoajiriwa, nitarudi nyumbani nikapime majani chai kituoni. Nafasi amekwisha kuniombea. Mimi! Mtu wa falsafa, nyuma ya mizani, nikiitwa karani!

Binamu yangu Nyangau, fundi cherehani ambaye ninaishi chumbani kwake, alicheka akiwa na pini mdomoni. Alisema mizani angalau hujibu kwa neno moja. Huyu ni mtu wa darasa la saba. Sikumjibu. (Nilimjibu, kwa muda wa nusu saa.)

Jumatano, 5 Septemba

Nimeiona filamu ya kuchekesha, kipindi cha saa kumi. Muflisi anaingia katika hoteli ya fahari akiwa na mbuzi aliyevaa koti na kofia, na kumtambulisha kwa kila mtu kuwa ni mjomba wake. Maana haijifichi kwa msomi: mbuzi ni mnyonge, koti ni ukoloni. Ukumbi mzima ulicheka. Nilisimama mara mbili kuwaomba wanyamaze, wafikiri. Mara ya pili nilitupiwa ganda la ndizi. Lilitoka upande walikokaa walimu!

Mlangoni hukaa mama mmoja, Bathsheba, anayeuza njugu na ndizi mbivu. Nehemiah, mwendesha mtambo wa sinema, humwachia aingie bure, naye ameona kila filamu iliyopita hapa. Kiingereza hakijui. Nilimuuliza, kwa ajili ya utafiti tu, ameona nini. Akasema kwa Kikisii, natafsiri: “Yule mwanamume anajua kwamba anachekesha. Mbuzi hajui. Kwa hiyo mimi nilimcheka mbuzi.” Nimeyanukuu maneno hayo kama mfano wa fikra zisizopitia darasani. Mhariri atasikitika pamoja nami.

Alhamisi, 6 Septemba

Uchambuzi wa mbuzi umekamilika. Kurasa tisa. Mbuzi mwenyewe anaingia ukurasa wa saba. Nyangau aliusoma wote, akauliza kama kweli filamu ilikuwa ya kuchekesha. Nikasema ndiyo. Akasema pole.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimetetemeka! Kwa mara ya kwanza mji huu umeonyeshwa sanaa.

Ni filamu ya kuhuzunisha, kipindi cha saa kumi na moja jioni. Inamtumbukiza mtazamaji katikati ya dhiki, bila utangulizi, bila hata jina la filamu. Daktari anamtibu kwa mikono yake mtu aliyemnyang'anya baba yake shamba. Anaambukizwa. Anakufa. Anazikwa mvuani. Mjane analia. Kisha, ajabu! Baada tu ya kaburi, jina la filamu linajitokeza kwa herufi kubwa, na yule daktari ni mtoto mchanga! Anakua, anasoma, anaoa. Mwongozaji ameanzia kaburini akaishia arusini! Nani mwingine amewahi kuthubutu?

Aibu ni kwamba daktari alipokuwa bado anabebwa mgongoni, kundi kubwa la watu liliingia kwa kelele, wakitafuta viti na kuamkiana, kana kwamba filamu ndiyo kwanza inaanza. Wasabato. Jua lilikuwa limetua na Sabato yao imekwisha. Sisi Wakatoliki angalau huchelewa kimyakimya. Bathsheba alikuja kuketi kando yangu, bado amevaa nguo za kanisani.

Arusi ilipokwisha niliinuka haraka, niende kuandika kabla moto haujapoa. Akanishika koti. “Unakwenda wapi, mwanangu? Keti. Daktari hajafa bado.”

Hajafa bado! Nimemwona akifukiwa kwa macho yangu mawili! Nikajinasua. Nilipofika mlangoni nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba kusoma sana humnyima mtu subira.

Jumapili, 9 Septemba

Baada ya misa nilimpitia Bathsheba sokoni, nijue mtu wa kawaida ameambulia nini katika kazi nzito kama ile. Akasema daktari alikuwa mtu mwema mno, lakini yule mjane hakumwamini. “Analia vizuri, lakini kitambaa chake cha kichwani kimepigwa pasi. Yaya, hapana mwanangu, aliyefiwa hapigi pasi.”

Nilimweleza kwa upole kwamba mazishi hayo hakuyaona. Yalionyeshwa kabla hajaingia. Pengine alisimuliwa, au aliyaota. Akaniongezea njugu.

Nimeandika mchana kutwa. Kurasa kumi na nne, chini ya kichwa Kaburi kama Mlango wa Arusi. Nimemsifu mwongozaji kwa kuivunja minyororo ya wakati. Na ili Nairobi waelewe ninaishi miongoni mwa watu gani, nimeyaingiza maneno yote ya Bathsheba, ya mbuzi, ya kutokufa na ya pasi, bila kuyagusa. Kesho ninaposti.

Jumatano, 19 Septemba

Majibu! Mhariri anaarifu kwamba ofisi nzima iliacha kazi ili isikilize uchambuzi wangu wa daktari ukisomwa kwa sauti. Nilifurahi hadi mstari wa tatu. Mstari wa tatu unasema kwamba walicheka hadi mpiga chapa akashindwa kusimama. Anauliza filamu hiyo nimeionea wapi, kwa maana yeye ameiona mara mbili, na mara zote mbili daktari alizaliwa kwanza na kufa baadaye, kama walivyo madaktari wengi.

Kurasa ishirini na tatu amezitupa zote. Amebakiza mistari sita. Ya Bathsheba! Imekwisha kuchapishwa, kichwa chake Mama wa Kisii Asema. Wasomaji wameipenda na anaitaka kila wiki. Kuhusu mimi, yuko tayari kuniajiri kwa kazi moja: nimsikilize mama, niandike alivyosema, nitume. Jina langu litatokea chini, kwa herufi ndogo.

Nimemweleza Nyangau kwamba nimepata ajira. Aliomba kuiona barua. Sikumwonyesha. Aliiona.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimemkabili Nehemiah juu ya mtambo wake. Hata hakuona haya! Alisema kila Jumamosi huanza na nusu ya pili, kwa ajili ya watu wa saa kumi na moja. Jua likitua na Wasabato wakiingia, huweka nusu ya kwanza. Kisha huirudia ya pili, kila mtu aende nyumbani amekamilika. Ndivyo afanyavyo tangu Wasabato walipolalamika kwamba wanafika watu wamekwisha kuoana. Mji mzima unajua. Nikamuuliza kwa nini hakubandika tangazo. Akaniuliza ni nani hubandika tangazo kwamba jua hutua.

Nimelitafakari jambo hili bila upendeleo. Kosa si langu, wala si la Nehemiah. Ni la mwongozaji, aliyekosa ujasiri wa kuipanga filamu yake kama Nehemiah alivyoipanga.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimeketi na Bathsheba na daftari langu. Filamu ya kuchekesha: askari mnene anajifungia kwa bahati mbaya katika mahabusu yake mwenyewe, na ufunguo uko nje, umening'inia ukutani. Safari hii nilikaa mpaka mwisho wa pili. Nilimwomba Bathsheba maoni yake, nikamkumbusha azungumze kwa mpangilio. Akasema:

“Nilicheka mpaka askari alipoanza kumwita mama yake. Hapo niliona haya, kwa sababu nilikuwa bado ninacheka.”

Nikasubiri. Nikamuuliza mengine yako wapi. Akasema hayo ndiyo yote, nami nisiketi juu ya kikapu chake.

Maneno kumi na tano! Safu gani itasimama juu ya maneno kumi na tano?

Jumapili, 23 Septemba

Mhariri anataka maneno ya mama yalivyo. Lakini yalivyo wapi? Mdomoni mwake, au katika kilele ambacho yangefika kama angesoma? Mimi ninachukua kilele. Kwa hiyo mama sasa anasema: “Kicheko cha mchuuzi, kinapokabiliana na ukinzani wa dola iliyojifunga yenyewe, hujipindua kuwa majuto ya kimaadili.” Na kadhalika, kurasa saba. Nimeacha neno “nilicheka” mahali pamoja, ili asipotee kabisa.

Nilimsomea Nyangau. Aliuliza mama huyo ni mgonjwa tangu lini.

Ijumaa, 28 Septemba

Simu ya maandishi kutoka Nairobi, neno kwa neno: MAMA HASEMI HIVI. MTAFUTIE MWANDISHI MWINGINE.

Nilikuwa bado nimeishika nilipomwona Nyangau, aliyekwisha kuisoma juu ya bega langu, akitoka na daftari la vipimo vya suruali. Nikamkimbilia, tukafika kwa Bathsheba pamoja. Nilimweleza mama kwa hoja nne kwa nini mawazo yake yanahitaji mtu mwenye shahada. Alinisikiliza zote nne huku akimenya njugu. Kisha akasema: “Mwanangu, wewe nikikupa ndizi unanirudishia mgomba. Huyu anayeshona, akipima mguu wako, haongezi mguu.”

Nyangau akaandika hata hilo! Mwandiko wake ni wa kuku, na ameandika “sinema” bila herufi ya mwisho. Nilimsahihisha. Akanishukuru, akaendelea kukosea. Daftari lote ametuma Nairobi kwa basi la saa sita.

Jumapili, 30 Septemba

Baba amekuja baada ya misa. Alitazama kalenda ya Nyangau ukutani, akatazama sanduku langu, akalibeba. Njiani nilimfafanulia jinsi nilivyokuwa nimeajiriwa kwa siku tisa. Akasema ni vizuri, angalau nimezoea kuamka. Nyangau alinipa suruali aliyonishonea, akisema kazi ya mizani ni ya kusimama. Inanitosha kikamilifu. Inaudhi.

Alhamisi, 11 Oktoba. Gesima.

Kituo cha majani chai. Tangu asubuhi ni vikapu, baridi na malalamiko. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Wananiita karani.

Mwalimu mmoja amepita na Macho ya Wiki ya juma hili. Mama wa Kisii Asema, robo ukurasa mzima! Chini yake, si kwa herufi ndogo hata kidogo: Imeandikwa na Nyangau, Fundi Cherehani. Bathsheba anazungumzia filamu mpya ya mapenzi iliyoonyeshwa Jumamosi. Anasema: “Watu wale wanapendana tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekula. Mimi singemwoza binti yangu huko.” Basi. Huo ndio uchambuzi! Waliopanga foleni walisomewa wakacheka hadi wakatua vikapu. Hata Baba. Yeye alisema mama huyo amesoma.

Sikuweza kuvumilia. Nimegeuza fomu za kupimia, nimeanza kumwandikia mhariri upande wa nyuma. Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Ninathibitisha kwamba njaa ya wapenzi wale ni njaa ya kiroho, na kwamba kutokula kwao ndiko kiini cha filamu, jambo ambalo muuza njugu, kwa masilahi yake ya kibiashara, hawezi kuliona. Nyanya mmoja, Nyamoita, amesimama mbele yangu na kikapu chake tangu saa nne. Amekwisha kuuliza mara tatu kama siku hizi majani yanapimwa kwa kalamu. Nimemwomba asinikatize. Akaketi juu ya kikapu, akawaambia wengine nao waketi, karani yumo katika sala.

Barua itaondoka kesho. Safari hii safu sitaikosa. Mhariri hajawahi kupokea uchambuzi usio na upendeleo kama huu. Filamu yenyewe sijaiona.