Lesian wa Yiamat na Kisanduku cha Ndiyo

Jikusanyeni, enyi wa Ngarenaro mnaogonga mabati, nanyi wa miteremko ya Meru mnaochuma kahawa. Zimeni redio, nyamazisheni mbuzi na wakwe, mpate kusikia vita vilivyopiganwa juu ya karatasi moja, kwenye benchi la kliniki moja mjini Arusha, kati ya shujaa asiyewahi kushindwa kwa maneno na maswali yaliyotolewa fotokopi hata yakafifia kama moshi.

Shujaa huyo ni Lesian wa Yiamat, Ngurumo ya Mnada, dalali wa mifugo ambaye sauti yake iliwauzia mafahali vilema watu waliokuja kununua kuku. Mwaka uliopita, masika yalipokatika, nguvu za ajabu zilimshukia. Akaacha kulala. Akalibomoa jiko la mkewe, Namelok, kwa nyundo na vigelegele, ili pale pachipuke hoteli ya ghorofa ya watalii. Akamwuza ng'ombe wa maziwa, akanunua milango kabla ya kuta. Majirani wa Sokon One, majemadari hodari wa kunywa soda za bure, wakamshangilia: huyu ndiye mwanamume! Kisha nguvu zikamtoka, akalala ameuelekea ukuta mpaka mahindi yake yakavunwa na wengine. Na majemadari wale wale, soda zilipokwisha, wakatoa hukumu kwamba ni mvivu.

Mwaka huu Namelok alipomwona tena anapima zizi kwa kamba huku akitabasamu peke yake, hakungoja nyundo. Alimwambia mjini kuna watu wanataka kumsikiliza. Wala hakusema uongo.

"Shikamoo, baba," alisema muuguzi Agnela pale kliniki.

"Marahaba, binti. Wasikilizaji wako wapi?"

"Utawaona. Kwanza kuna maswali. Yanatusaidia kutazama kama kuna dalili za bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Unajijibia mwenyewe, ndiyo au hapana. Weka alama ya vema kwenye kisanduku."

Unajijibia mwenyewe! Itazameni, enyi wasikilizaji, hekima ya silaha hii: humwendea mtu aliyepotea msituni, ikamwuliza kwa adabu kama amepotea, naye akisema hajapotea, ikaandika hajapotea.

Lesian akaichomoa kalamu kama mkuki, akanguruma swali la kwanza hadi wagonjwa wa benchi la jirani wakageuka. "Je, ulijihisi uko juu sana? Juu ni mlimani! Mimi nakaa Sokon One, tena bondeni." Hapana. "Je, mawazo yako yalikimbia mbio? Mawazo hayana miguu." Hapana. "Je, uliongea haraka kuliko kawaida? Binti, dalali anayeongea polepole anakufa njaa." Hapana. "Je, uliona huhitaji usingizi? Sikuuhitaji, ndiyo maana sikulala. Kosa liko wapi?" Hapana! Na Hapana zikajipanga kisanduku kwa kisanduku kama jeshi lisilojua linamlinda nani, naye Namelok amekaa kando, mkoba mapajani.

Ndipo likaja swali lililo fupi kuliko yote: Je, watu wako wa karibu waliona hukuwa kama ulivyo?

"Hili halinihusu," akanena shujaa. "Linawahusu watu wa karibu. Mama Nice, aliye karibu ni wewe. Jibu, ila kwa ufupi, uwanja ni wangu."

Namelok akaufunga mkoba wake.

"Baba Nice, ulipovunja jiko nilipika loshoro ya mahindi na maziwa nje, mvua ikaingia sufuriani, tukacheka wote. Hilo sikuliogopa. Niliogopa baadaye, ulipolala. Mwanetu Nice alikuletea chai, nawe ukasema nyumba hii ingekuwa nyepesi bila wewe mwenyewe. Akaja kuniuliza nyepesi maana yake nini. Mpaka leo sijamjibu."

Ngurumo ya Mnada akaigeuza kalamu vidoleni.

"Nilidhani ameshatoka yule mtoto," akasema kwa sauti ambayo mnada haujawahi kuisikia.

"Alikuwa amesimama mlangoni."

Aliukumbuka ukuta. Alikumbuka rangi yake iliyobanduka, na jinsi alivyoitazama hadi akaichukia, na chai iliyopoa. Akaishusha kalamu kwenye kisanduku cha Ndiyo. Na hapo, ole wetu, wino ukagoma! Akaikandamiza, ikakwaruza. Akaipulizia, akaitikisa, akaisugua kwenye kiganja kile kilichoshika kwato za mafahali, jasho likimtoka kama mtu anayevuka mto uliofurika. Jaribio la tatu wino ukaja, naye akachora vema moja iliyopinda, mkia wake ukatoka nje ya kisanduku ukafika pembeni mwa karatasi.

"Sista," akanong'ona, "hizi Hapana zinafutika?"

"Zinafutika, baba. Na karatasi hii haikuhukumu. Inatuonyesha tu pa kuanzia, mkikaa na daktari."

"Basi nipe nyingine, safi." Akamgeukia mkewe. "Mama Nice, sogea. Soma wewe. Nikijibu uongo, nikanyage mguu."

Alikanyagwa, enyi wasikilizaji, na si mara moja.

Basi na iandikwe, na wapiga tarumbeta wa kanisani wasihifadhi pumzi zao: siku hiyo Mlima Meru haukutema moto, serikali haikutangaza sikukuu, na majemadari wa soda hawakupata habari. Lakini kwenye benchi bovu, mbele ya mkewe na muuguzi mmoja, Lesian wa Yiamat alitwaa eneo lenye upana wa punje ya mtama, nalo likaitwa Ndiyo, na daktari alipoita jina lake, waliinuka wawili.