Waifai ya Mama

Daktari hakuwa daktari. Lile koti jeupe alilinunua kwa mwuza nyama aliyefunga bucha, akalifua mara tatu, akachomeka mfukoni bisibisi nne zilizopangwa kwa urefu. Tangu siku hiyo wateja wake wa kompyuta walipunguza ubishi. Mtu hubishana na fundi, lakini akiambiwa na koti jeupe kwamba mashine yake ina hali mbaya, huuliza tu kama itapona.

Chumba chake kilikuwa katikati ya fundi cherehani na kinyozi. Mlikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, na kipande cha sponji cha kulazia wagonjwa. Jumatatu asubuhi akaingia mama mmoja mstaafu, mwenye miwani na begi la bega, akatoa laptopu nene kama tofali na kuilaza juu ya sponji bila kuelekezwa. Daktari akampenda papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii aliniachia binti yangu alipoondoka. Nataka ishike waifai. Keshokutwa nasafiri kwa treni."

"Huko uendako waifai ipo?"

"Nakwenda kwa dada yangu. Anaumwa macho, amefungwa bandeji, hawezi kuachwa peke yake. Nyumba yake haina waifai, ina kuku tu. Na Ijumaa binti yangu anajifungua kwa upasuaji huko ng'ambo. Mkwe wangu amesema atanionyesha mtoto kwenye kioo hapo hapo. Ni mjukuu wangu wa kwanza. Simu yangu ni ya vitufe, haina hata kamera. Nisipomwona Ijumaa, nitakuja kumwona ana meno."

Daktari akainama, akaweka sikio juu ya mashine, akapapasa kingo zake kama anayetafuta mapigo ya moyo. Kidole gumba kikagusa swichi ndogo ubavuni, ile waliyokuwa wakiiweka kwenye laptopu za zamani ili kuwasha na kuzima waifai. Ilikuwa imezimwa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote.

Fundi mwaminifu angeisukuma ile swichi mbele ya mama, kisha angemwambia: mashine sasa inashika, lakini haiwezi kushika kisichokuwepo, kwa hiyo nunua kile kifaa kidogo cha laini kinachotoa mtandao, utembee nacho. Daktari alikuwa na nusu dakika ya kuwa fundi wa namna hiyo. Ilipita.

"Mama," alisema kwa sauti ya kutoa pole, "hii haikuzaliwa na waifai. Ila naweza kuipandikiza, ndani kwa ndani. Ukienda nayo porini, inashika. Ukienda nayo kwa kuku, inashika."

"Bila kununua kitu kingine?"

"Mtandao utakuwa humo humo ndani."

Mama akamtazama kwa juu ya miwani, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Humo humo ndani," akarudia. "Haya. Nusu nakupa sasa, nusu nitakupa stesheni, nikishaona inashika."

Upandikizaji ulichukua siku mbili, na mwingi ulifanyika kwenye benchi la kinyozi, Daktari na kinyozi wakicheza drafti. Kazi yenyewe ilikuwa kusukuma swichi, kupiga vumbi, na kukwaruza skrubu kidogo ili ionekane zimefunguliwa. Halafu Daktari akaifanya simu yake mwenyewe igawe mtandao, na mtandao huo akaubatiza jina: Waifai ya Mama. Alijisikia fahari. Wengine wanaibia watu bila hata kuweka jina lao.

Jumatano asubuhi alikwenda stesheni na koti lake, na kwa tamaa ya biashara akawachukua fundi cherehani na kinyozi wakashuhudie. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la jukwaani. Daktari akakaa karibu naye, simu mfukoni, na laptopu ikafunguliwa. Kwenye kioo yakatokea maneno Waifai ya Mama, na baada ya mbofyo mmoja, taarifa ya habari ikaanza kusomwa.

"Duh," alisema kinyozi. "Hakuna waya wala nini."

"Na mimi ninayo moja nyumbani, ya marehemu mume wangu," alisema fundi cherehani. "Nikikupa malipo ya awali leo, lini itakuwa tayari?"

"Kwa ajili yako, shemeji, wiki ijayo," alisema Daktari, akapokea noti bila kuzitazama, kama wafanyavyo watu wa heshima.

Hapo mama akafunga mashine. "Sasa ninyi bakini hapa. Nataka niende nayo mpaka kule mwisho wa jukwaa, nijaribu peke yangu."

Kule mwisho wa jukwaa mtandao wa simu ya Daktari usingefika hata kwa kusukumwa. Akainuka haraka, akamsaidia mama kuvaa begi begani, na katika kuliweka sawa akaidumbukiza simu kwenye mfuko wa pembeni. Kazi safi, mkono haukukaa humo hata sekunde. Mama akaenda taratibu mpaka mwisho, akakaa juu ya sanduku la mtu, akafungua laptopu, akainua mkono. Sauti ya msoma habari ilisikika mpaka huku. Kinyozi akapiga makofi, na Daktari, ambaye hakuwa na la kufanya, naye akapiga.

Mama akarudi, akalipa nusu iliyobaki bila kupunguza, na treni ikapiga honi.

"Lete begi nikubebee, mama," alisema Daktari, mkono tayari kwenye mkanda.

"Hapana, mwanangu. Miaka thelathini na moja nimepekua mabegi ya watu forodhani. La kwangu sijawahi kumwachia mtu."

"Basi nikufungie zipu hiyo ya pembeni, iko wazi."

Mama akaifunga mwenyewe, akapanda, akakaa dirishani. Daktari alitembea sambamba na dirisha, kisha akakimbia. Mdomo ulikuwa wazi na maneno yote alikuwa nayo: mama, simu yangu iko kwenye begi lako. Lakini nyuma yake walisimama fundi cherehani na kinyozi, na swali lao la kwanza lingekuwa imefikaje huko. Akafunga mdomo. Mama akampungia mkono mpaka treni ikapinda.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na namba za wateja wake wote na akiba yake yote. Mchana akaazima simu ya kinyozi, akajificha nyuma ya jengo, akapiga. Iliita mpaka ikachoka. Alhamisi vilevile. Ijumaa mchana, wakati fundi cherehani anamsubiri mlangoni na laptopu ya marehemu mikononi, na nyuma yake wapo wengine wawili waliosikia habari za stesheni, simu ikapokelewa.

"Daktari wangu," ilisema sauti ya mama. "Waifai yako inaita kama simu, unajua? Tangu juzi."

"Mama, hiyo ni simu yangu. Nafikiri iliangukia kwenye begi lako kwa bahati mbaya."

"Haikuanguka. Niliuona mkono wako ukiingia. Nikasema nimsubiri, labda ataniambia. Ukapokea hela, ukapiga makofi."

Daktari akachungulia pembeni ya jengo; wale watatu walikuwa bado mlangoni.

"Mimi si mwizi," aliendelea mama. "Nitairudisha nikirudi, baada ya wiki tatu. Au kama una haraka, mpe simu fundi cherehani nimweleze, atakuja kukuchukulia."

"Hapana, mama. Hakuna haja ya kumsumbua."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Mtoto amezaliwa, ni wa kike. Nimemwona shavu moja, picha ikaganda. Simu yako imeleta ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha."

Nyuma ya mama sauti ya kikongwe ikauliza, "Ana nywele? Niambie, ana nywele?"

"Sijaona bado, dada, nimesimama kwenye shavu," mama alijibu, kisha sauti yake ikashuka, na kwa mara ya kwanza haikuwa na mzaha. "Mwanangu, mkwe wangu amenishikia mtoto pale, anasubiri."

Daktari akaona aibu. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa yake ya kwanza na hakujua pa kuiweka.

"Kifurushi cha kiasi gani, mama?"

"Kikubwa. Nataka nimwone akipiga miayo."

Daktari akarudi mbele ya jengo, akamrudishia kinyozi simu, akatoa mfukoni noti za fundi cherehani na kuanza kuvuka barabara kuelekea kwa mwuza vocha.

"We Daktari," fundi cherehani alimwita, "tuko hapa tangu asubuhi. Unakwenda wapi?"

"Kuna mtoto amezaliwa."

"Wako?"

Daktari akasimama katikati ya barabara, akafikiri.

"Gharama ni zangu," alisema, akaendelea kuvuka.