Blanketi la Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta mpakato ya nyumbani inaumwa. Mkosaji mimi. Daftari, nakwambia wewe tu. Ukitoboa siri, nakutia jikoni! Shule sikuuona hata mlango wake, herufi nimefundishwa na mjukuu, lakini siri najua kutunza.

Nilipakua mchezo wa karata wa bure. Nilitaka mazoezi ya kimyakimya nimtandike Bibi Pazia, jirani yangu, ambaye huchungulia tangu alfajiri. Kumbe mchezo umebeba kirusi! Kompyuta imeutumia ukoo mzima tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, kwa jina langu. Mkwe wangu amenuna. Kwani tumbo hana?

Jumanne, 4 Machi
Mjukuu, fundi wa kompyuta, kaleta programu ya kusaka virusi. Kasema hiki kimejificha, kinataka ukaguzi wa ndani kabisa, saa tatu bila kukatizwa. Mpaka kitoke, hakuna simu ya video, kisije kikaiba nywila za watu.

Moyo paa! Jumamosi dada yake aliye mbali anionyeshe kitukuu wangu wa kwanza, ana siku sita. Simu yangu ni ya vitufe, ya mjukuu kamera imekufa. Bila kompyuta simwoni.

Kauanzisha ukaguzi, kaenda kazini. Mara hodi! Bibi Pazia! Nikaitupia kompyuta blanketi la sufu pale kochini, na mto juu. Hakuona kitu, siri ya karata imepona. Akili ni nywele; zangu nimezisuka.

Jioni: imezimika yenyewe. Ukaguzi umeishia asilimia sitini.

Jumatano, 5 Machi
Mjukuu kaifuta programu, kaiweka upya. Bibi Pazia kaja kuazima sindano. Blanketi. Sitini na mbili, zii! Mjukuu kailaumu programu. Nami nikailaumu, kwa sauti kumshinda. Mlinzi gani huyu asiyeweza kuinama kutazama uvunguni?

Alhamisi, 6 Machi
Mjukuu kawaandikia watengenezaji, kawang'akia. Wamejibu wakiuliza kama mashine inapata hewa. Kasema wanakwepa lawama. Tukacheka wote. Mimi nikalitupia jicho blanketi.

Bibi Pazia kaja kurudisha sindano. Ningefanyaje? Blanketi.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Bibi Pazia kauegemea mto wangu, kausifu joto lake, eti dawa ya mgongo. Mjukuu kaingia ghafla, kafunua blanketi. Kompyuta ya moto kama kikaango! Kaniuliza, Bibi, ndicho ulichokuwa ukifanya wiki nzima? Nikasema nilidhani inasikia baridi. Hakuamini. Nikatapika yote, na karata.

Bibi Pazia kacheka mpaka kashika mbavu. Kisha kaungama: na yeye anao mchezo huohuo! Mnafiki mkubwa!

Tukaiweka mezani, tukaipepea kwa mifuniko ya ndoo, zamu kwa zamu, saa tatu. Asilimia mia! Kirusi kimenaswa ndani ya karata. Tumecheza ngoma, viuno vikalalamika.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwona! Kipara kama babu yake. Kapiga miayo, nikalia. Bibi Pazia kalia kunizidi. Hata machozi anashindana.

Kaondoka. Nikabaki na kompyuta. Tangazo likajitokeza: karata mpya, bure, hushindwi kamwe. Namjua Bibi Pazia, akifika kwake atabonyeza. Nimemwahi kubonyeza.

Hodi. Ni yeye. Blanketi liko wapi?