Ndege ya Mgongoni kutoka Kanyenye

Bara zima la Afrika lilikuwa na kiwanda kimoja tu cha maana cha ndege za mgongoni, nacho kilikuwa uani kwa Salmini, Kanyenye, kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo! Hayo aliyasema Salmini mwenyewe, na kuku hawakupinga.

Ndege yenyewe ilikuwa injini ya pampu ya maji, feni ndani ya tundu la nondo, na mwavuli mpana wa kitambaa wa kubeba vyote hivyo angani pamoja na rubani. Salmini aliizungumzia anga kama mtu aliyezaliwa huko. Kuruka tu ndiko alikokuwa bado.

Sasa alikuwa amepata mteja: Mzee Lugembe, mfugaji wa Igalula, aliyetaka kuwatafuta kutoka angani ng'ombe wake waliopotea. Majaribio ni Jumamosi. Yakifaulu, Salmini ni mwenye kiwanda. Yakishindikana, Jumatatu anarudi kupima vitambaa dukani kwa shemeji yake, kazi aliyoiacha kwa hotuba ndefu.

Tatizo, mwavuli ulivuja upepo. Ijumaa akaupaka nta ya nyuki, ndoo nzima.

"Nta?" aliuliza mkewe, Tufaha. "Si ndiyo wanayopaka kwenye mizinga ili nyuki waingie?"

"Mke wangu, mzinga unaruka?"

"Hauruki."

"Basi mambo ya anga niachie mimi."

Jumamosi, kijiji kizima cha Igalula kilifurika malishoni. Salmini alimwamkia mzee, akavaa miwani ya kuchomelea vyuma, akajifunga mashine mgongoni. Mwavuli ukatandazwa juani. Nta ikapata joto, ikanukia hadi msituni. Badala ya kuwasha injini, akaanza na hotuba. Alipofika kwenye "vizazi vijavyo", nyuki walishawasili.

"Kijana, una wageni," alisema Mzee Lugembe, akirudi nyuma taratibu.

Salmini alitimua mbio! Mwavuli ukajaa upepo, ukamnyanyua kimo cha mbuzi, ukamtua, ukamnyanyua tena. Watu wakashangilia, wakidhani ndivyo inavyoendeshwa. Safari iliishia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, rubani akiwa majini hadi shingoni.

Jioni, mwavuli ulikuwa umenasa mtini ukingoni mwa lambo, na kundi zima la nyuki limetulia katikati yake kama wenye nyumba. Mzee Lugembe aliuzunguka polepole, macho yanang'aa. Salmini aliyaona macho yale, moyo ukamwenda mbio kwa furaha.

"Umeionaje, mzee?" aliuliza, midomo imevimba. "Injini nitairekebisha kidogo tu."

"Injini ondoka nayo, mwanangu. Mizinga yangu imekaa mitupu tangu masika ya mwaka juzi." Mzee akalishika pindo lisilo na nyuki, akalisugua kwa vidole. "Hiki kitambaa unauza kwa mita?"

Salmini akalivuta lile pindo, akanyoosha mkono, akaanza kupima.