Ombi la Kurudishiwa Diski ya Zamani ya Kompyuta ya Parokia

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni muumini wako Agapiti Bujiku, mgane, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa na hasira ya wastani. Nimetumia kalamu, ingawa nalikumbuka agizo lako kwamba barua zote zichapwe kwanza ofisini, kwa kuwa miandiko yetu inakuumiza macho.

Mwanzoni mwa mwezi ulimleta fundi Donatus kutoka Ngokolo, Shinyanga. Akaifungua kompyuta ya ofisi, akatoa diski ya zamani na kuweka mpya, aina ya SSD. Kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa muda wa kusonga ugali, sasa inawaka kabla hujakaa. Parokia nzima inashangilia. Mimi napinga, kwa sababu hizi:

1. Salamu zimekufa. Zamani Mama Lusia, katibu wako, alikuwa akibonyeza kitufe, tunaanza kwa Kisukuma chetu: mwangaluka mayo, habari za asubuhi mama, kisha watoto, ng'ombe, mvua, mguu wa shangazi yake. Tukimaliza tunarudia ng'ombe. Alhamisi iliyopita nilikuwa bado kwenye habari za watoto, akaniambia, "Tayari. Nikusaidie nini, mzee?" Mzee, Baba! Mtu aliyekuwa akiniita Baba Magesa, kwa jina la mwanangu. Iliniuma hadi nikaondoka bila kuaga.

2. Diski mpya haina sauti. Karasha likinyamaza, ama mawe yameisha, ama kuna mtu anaondoka na mfuko wangu. Ile ya zamani ilikuwa ikikoroma, ukajua kazi inafanyika. Hii Donatus alinionyesha: kitu chembamba kama biskuti, ndani hakuna kinachozunguka. Nikamuuliza sasa inafanyaje kazi, akacheka. Fundi anayecheka akiulizwa swali la msingi mimi simwamini.

3. Amani imetoweka. Boaz na Ndaki walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye mihogo. Walikutana kwenye benchi la ofisi wakisubiri vyeti vya watoto wao, wakanuniana mpaka wakachoka, wakaondoka kwa pikipiki moja. Sasa mwangalie Coletha. Alikuja Jumatatu kamkasirikia mumewe, akitaka nakala ya cheti cha ndoa akawaonyeshe ndugu zake siku aliyodanganywa. Zamani angelia, angekunywa maji, angekumbuka mazuri mawili matatu ya yule bwana. Karatasi ilitoka ya moto, na hasira bado ya moto, akapanda nayo basi la Chato, kwa ndugu zake. Mumewe anajipikia.

4. Kanisa lenyewe halina haraka. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na si kwamba wewe unasoma polepole. Kama Mama Kanisa anasubiri Jumapili tatu, kompyuta yake inakimbilia wapi? Sikusoma seminari, lakini hapa nanusa uzushi.

5. Hili naomba libaki kati yetu. Kila Alhamisi nakuja kuomba cheti changu cha ubatizo. Nimeshasema kimoja kililiwa na panya, kingine kililoa, kingine sijui kilikwenda wapi. Vyote viko kabatini. Ukweli ni kwamba namfuata Mama Lusia. Tangu mke wangu atutoke nyumba imekuwa kubwa mno, na jioni naogopa kuingia ndani. Nina neno la kumwambia mama huyu, na neno lenyewe halitoki haraka. Nilikuwa nimelikaribia. Kompyuta ilikuwa ikizidi kuzeeka, nikapiga hesabu kwamba kufikia kiangazi itachelewa vya kutosha. Sasa cheti kinatoka kabla sijavua kofia.

Kwa hiyo naomba diski ya zamani irudishwe. Hiyo SSD, kwa heshima zote, ifungwe kwenye mahubiri ya katekista Otmar, yasiyokwisha. Nitatoa beberu kufidia usumbufu.

Nisalimie masista, kwaya, na yule mbwa wa uani aliyenichana suruali. Nimemsamehe.

Mwanao katika Kristo, mwenye subira nyingi na muda mchache,

Agapiti Bujiku,
Masumbwe.

Nyongeza: Baba, agizo lako la kuchapa barua nililikumbuka. Nilichosahau ni nani anayechapa. Nilimkabidhi Mama Lusia karatasi zangu, nikakaa kwenye benchi kwa amani kabisa. Kwenye habari za karasha alicheka, nikafurahi. Alipofika namba tano vidole vikasimama, ndipo nikakumbuka nilichoandika, na mlango ulikuwa mbali. Akanitazama sana. Akasema, "Baba Magesa, na hiyo ya zamani, wewe ungefika lini?" Akafungua ukurasa wa matangazo ya ndoa, nao ukafunguka papo hapo, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Maneno haya nayasema mimi, anachapa yeye, na majina yetu utayakuta mezani kwako. Tafadhali diski isiguswe. Beberu utamla harusini. Na zile Jumapili tatu, Baba, Donatus hawezi kuziangalia?